Shoo Ilichelewa Dakika 50, Staa Akala Matusi: Kumbe Aliyeizuia ni Fundi Umeme



Jumamosi moja hapa Dar, ukumbi umejaa. Tiketi ya kawaida elfu 20, VIP elfu 50. Staa wa muvi anarudi jukwaani baada ya miaka mingi, mabango yamebandikwa mpaka kwenye nguzo za stendi. Tangazo linasema shoo inaanza saa 1:00 usiku kamili.

Saa 1:20, pazia bado limefungwa. Simu zikatoka. "Wabongo na muda jamani!" "Kazoea muvi huyo, jukwaa si mchezo." "Bado anapakwa makeup, tusubirini." Kavideo ka sekunde 15 kakasambaa, kanaonyesha pazia tu na watu wanaojipepea kwa vipeperushi. Shoo ilianza saa 1:50.

Kesho yake staa akaposti kwamba anaomba radhi, shoo ilichelewa kwa sababu za kiufundi. Ndiyo kwanza akachochea moto. Watu wakacheka: "sababu za kiufundi" ni lugha ya kila aliyechelewa.

Ila safari hii ilikuwa kweli. Na hizo sababu za kiufundi zina mtu wake, ambaye hakuna aliyemtaja, si kwa kumtukana wala kwa kumshukuru. Tumwite Fundi.

Dogo wa Mbagala

Fundi ana miaka 26. Kamaliza form four, matokeo yakaja ya kusikitisha, akaenda kukaa kwa mjomba wake Mbagala. Mjomba anafanya waringi za nyumba. Miaka miwili ya kwanza dogo alikuwa anatindua kuta tu, kupitisha mabomba ya waya, vumbi mpaka puani. Baadaye akaruhusiwa kushika testa.

Jukwaani aliingia kwa bahati. Jirani yake alikuwa kwenye kikundi cha maigizo, akamwambia, "Kaka, njoo utuangalizie soketi, kila tukiwasha taa breka inakata." Akaenda. Akakuta taa nane kubwa zimechomekwa kwenye ekstensheni moja, na ekstensheni yenyewe imezungushwa kwenye gurudumu lake kama ilivyotoka dukani. Akaishika, ilikuwa ya moto kama pasi. Waya uliojikunja hivyo joto lake halina pa kutokea, plastiki inalainika taratibu, na siku ikiyeyuka ndiyo mnasikia ukumbi umeungua. Akaifungua yote, akagawa taa kwenye soketi tofauti. Breka haikukata tena. Tangu siku hiyo wakawa wanamwita.

Mama yake yuko kijijini. Akiulizwa mwanao anafanya nini Dar, anajibu, "Yuko kwenye maigizo." Kila akipiga simu swali ni lile lile: "Lini tutakuona kwenye TV, baba?" Fundi alishajaribu kumweleza mara mbili tatu. Siku hizi anasema, "Soon mama, soon."

Kazi ambayo hakuna anayeiona

Mtu akiangalia igizo anaona taa nyekundu, anaona bluu, anaona giza la ghafla halafu mwanga juu ya uso wa mtu. Anadhani ni swichi tu. Nyuma ya ile taa kuna hesabu, na Fundi anaifanya kwenye kaunta buku kabla hajagusa waya.

Hesabu yenyewe si ngumu. Zile taa za zamani za jukwaani, zinazofanana na kopo, moja inakula wati 1,000. Umeme wetu ni volti 230. Gawanya: taa moja inavuta zaidi kidogo ya ampea 4. Ukiwa nazo 24, umeshafika kilowati 24 kabla hujawasha spika, projekta, feni za chumba cha kuvalia na pasi ya dada wa mavazi. Soketi ya kawaida ya ukutani mwisho wake ni ampea 13, yaani taa tatu. Ukiongeza ya nne unaitafuta shari.

Ndiyo maana shoo kubwa inahitaji fezi tatu. Umeme unaingia kwenye boksi la kugawia, unatoka umegawanyika: taa hizi fezi ya kwanza, zile fezi ya pili, mziki na kompyuta fezi ya tatu peke yake, ili dima za taa zisilete mlio kwenye spika. Taa za LED zimerahisisha mambo, moja inaweza kula wati 150 au 200. Lakini za kukodi ni ghali, kwa hiyo vikundi vingi vinakodi yale makopo.

Tabu hii si ya Bongo tu, wala si ya jana. Usiku akikosa usingizi Fundi huwa anasoma kwenye simu, na kuna stori moja anaipenda. Mwaka 1881 kule London, tajiri mmoja, Richard D'Oyly Carte, alifungua ukumbi wa Savoy, ukumbi wa kwanza wa umma duniani kuwashwa wote kwa umeme. Taa karibu 1,200, mashine za kufulia umeme zimewekwa kiwanja cha jirani. Oktoba 10 watu wakajaa. Kumbe umeme hautoshi! Sehemu ya watazamaji ikawaka taa mpya, jukwaa likaendelea na gesi. Walisubiri mpaka Desemba 28 ndipo jukwaa nalo likawaka kwa umeme. Siku hiyo yule tajiri alipanda jukwaani mwenyewe, akaifunga taa inayowaka kwa kitambaa, akaivunja mbele za watu, kitambaa hakikuungua. Alitaka wajue wako salama.

Hicho ndicho kinachomvutia Fundi. Bosi mwenye hela zote zile, lakini jukwaa lilisubiri zaidi ya miezi miwili.

Siku yenyewe

Kwenye shoo ya staa, Fundi hakuwa chaguo la kwanza. Fundi aliyefunga vifaa wakati wa mazoezi alipata mchongo wa harusi nje ya mji, akaondoka. Fundi akapigiwa simu Jumamosi asubuhi. Ofa: laki mbili na nusu. Kodi ya chumba ilikuwa imebaki siku nne. Hakuuliza maswali mengi.

Alifika saa 9 alasiri. Kila kitu kimeshafungwa. Boksi la kugawia umeme limekodishwa, liko nyuma ya pazia, limefungwa kwa skrubu. Akataka kulifungua. Mzee aliyelikodisha akamwambia, "Mwanangu, hilo lishapimwa, limepiga shoo ngapi hizo." Fundi akapima tu soketi za nje. Fezi kwa nyutro, 230. Fezi kwa fezi, 400. Safi. Akaliacha.

Hapo ndipo alipokosea, na yeye ndiye wa kwanza kusema.

Muongozaji alimpitisha kwenye igizo zima. Walipofika sehemu ya pili akamwambia kwa furaha, "Hapa kuna efekti kali sana. Taa za kulia zikipanda, za kushoto nazo zinang'aa zaidi zenyewe. Hatujapanga, lakini inaleta hisia." Fundi akatikisa kichwa. Kitu kikamgonga kwa ndani, ila kulikuwa na mambo mia ya kumaliza.

Saa 12:20 jioni alikuwa anapita chumba cha makeup. Staa yuko kwenye kiti, anamtania dada anayempaka poda: "Leo naomba ile ngazi isinitekenye. Juzi kwenye mazoezi nimeishika, ikanitekenya mkono mzima mpaka begani." Wote wakacheka.

Fundi hakucheka. "Dada, samahani. Ilikutekenya muda wote au kuna sehemu?"

"Ile ya kufukuzwa tu. Taa nyekundu zikiwaka."

"Ulikuwa umevaa nini miguuni?"

"Ndala. Kwani vipi?"

"Na leo?"

"Leo niko peku. Ndiyo igizo lenyewe."

Hapa msomaji ni lazima uielewe hiyo sehemu. Staa anacheza mpangaji anayefukuzwa kwenye chumba. Anafua, mwenye nyumba anakuja na maneno yake, anammwagia beseni zima la maji. Jukwaa linalowa. Halafu anapanda ngazi ya chuma, peku, kwenda kuokoa vitu vyake. Na ile ngazi ilikuwa imefungwa kwa waya kwenye trasi, lile fremu la chuma linalobeba taa.

Mtu mwenye ndala za mpira kwenye sakafu kavu anatekenywa. Mtu huyo huyo akiwa peku kwenye maji, hiyo ni habari nyingine.

Alichokikuta

Fundi alimwomba dogo wa taa apandishe taa moja baada ya nyingine. Yeye akachukua mita, waya mmoja kwenye ngazi, mwingine akauvuta mpaka kwenye nondo ya eathi nje ya ukumbi. Taa ya kwanza, kimya. Ya pili, ya tatu, kimya. Ya kumi na moja, nyekundu, mita ikaruka: volti 219.

Waya wa taa ile ulikuwa umeungua kwa joto, shaba inagusa mwili wa taa, mwili wa taa umekaa kwenye trasi, trasi imefungwa na ngazi. Na kwa kuwa taa inapita kwenye dima, chuma kilikuwa na umeme pale tu taa hiyo inapowaka. Ndiyo maana ngazi ilikuwa "inatekenya" kwenye sehemu moja tu ya igizo.

Lakini hilo peke yake lisingetakiwa kuwa hatari. Eathi ikiwa nzima, waya ukigusa chuma breka inatakiwa ikate hapo hapo. Kwa nini haikukata? Akazima kila kitu, akachukua bisibisi, akafungua boksi.

Alikuta mambo matatu. Kwanza, waya wa eathi, ule wa kijani na njano, umekatwa kabisa na kuvishwa tepu. Kuna mafundi wa mziki huukata kwa sababu spika zinaguna "hmmm", ukiutoa mguno unaisha. Ni kweli unaisha, na kinga yako imeisha nayo. Pili, ile breka ya uvujaji, yenye kitufe cha T, inayotakiwa kukata umeme ukivuja miliampea 30 tu, imerukwa. Waya umeungwa direkti. Yaelekea ilikuwa inakata kata shoo, mtu akaona ni usumbufu. Ilikuwa inasema ukweli, wakaiziba mdomo.

Tatu, nyutro imelegea, skrubu yake imekuwa nyeusi. Hiyo ndiyo ilikuwa "efekti" ya muongozaji. Nyutro ni njia ya kurudia ya fezi zote tatu. Ikilegea, umeme unarudi kwa kupitia vifaa vya fezi nyingine, na ile 230 inaanza kuhama: fezi yenye mzigo mkubwa inashuka, yenye mzigo mdogo inapanda. Mchana alipopima hakukuwa na mzigo, kwa hiyo namba zilionekana nzuri. Nyutro ikikatika kabisa katikati ya shoo, fezi ya mziki ingeweza kusogelea volti 400, na kila kitu kilichochomekwa hapo kingekwenda na maji.

"Dogo, washa"

Saa 12:45 akamfuata prodyuza. "Bosi, hatuwezi kuwasha."

Bosi akaangalia saa. Nje watu 600 wanaingia. "Dogo, tumefanya mazoezi siku tatu na taa hizo hizo."

"Mlikuwa wakavu, bosi."

"Itoe hiyo taa moja, tuendelee."

"Taa natoa. Lakini boksi halina eathi. Taa nyingine ikiharibika saa mbili usiku, tunarudi pale pale na hakuna kitakachokata."

Mzee wa boksi naye akaja juu: kijana anaharibu jina lake, boksi limepiga shoo mikoani. Bosi akasema neno ambalo Fundi hajalisahau: "Nimekuleta uwashe, sijakuleta uzime." Akaongeza kuwa shoo ikichelewa, fidia ya tiketi itatoka mfukoni kwa mtu fulani.

Fundi anasema mikono ilikuwa inatetemeka. Alifikiria kodi. Alifikiria kwamba hakuna atakayemwita tena, kwa sababu mji huu ni mdogo na bosi ana namba za kila mtu. Akachomoa plagi kubwa ya boksi, akaishika mkononi. Akasema, "Nipeni dakika 40. Kama hamtaki, awashe mwingine, mimi naondoka, lakini namwambia dada kwanza."

Staa alikuwa ameshafika nyuma yao, kapakwa makeup nusu uso. Akauliza, "Uniambie nini?"

Akaambiwa. Akamwangalia bosi. "Mpe dakika zake."

Dakika 50

Taa mbovu ikashushwa. Akakata nyingine saba kwenye orodha, zikabaki 16, nane kila fezi. Nane ni ampea 35 hivi. Sababu ya hesabu hiyo: kwenye begi lake kulikuwa na breka moja ya uvujaji ya ampea 40, ya kazi ya mteja wa Jumatatu. Akaifunga kwenye fezi ya taa za upande wa ngazi. Akabonyeza kitufe cha T, ikakata. Akaridhika.

Nyutro akaikwangua ikawa nyeupe, akaikaza. Akavuta waya mpya wa eathi kutoka kwenye nondo ya nje mpaka kwenye boksi, kutoka kwenye boksi mpaka kwenye trasi na ngazi. Spika zikaanza kuguna. Dogo wa mziki akalalamika. Fundi akamwambia ahamishe waya za sauti mbali na za taa. Mguno ukapungua, haukuisha. Akasema uache hivyo hivyo.

Akapima ngazi, taa moja baada ya nyingine, mpaka ya 16. Sifuri.

Kabla ya pazia alimfuata staa: "Dada, upande wako ukizima ghafla, usishtuke wala usishike chuma. Endelea kucheza, sisi tutashughulika."

Saa 1:50 pazia likafunguka. Sehemu ya pili ilipofika Fundi alikaa chini kando ya boksi, mkono kwenye swichi kubwa. Maji yakamwagwa. Taa nyekundu zikapanda. Staa akapanda ngazi peku, vidato saba. Hakuna kilichotokea. Ukumbi ukapiga makofi mpaka mtu wa pembeni hasikiki.

Mtazamaji mmoja aliandika baadaye kwamba taa zilikuwa chache, "production ya bei rahisi".

Baada ya hapo

Fundi alilipwa laki moja na nusu. Laki moja ilikatwa "kwa usumbufu". Ile breka ya mteja ikabidi ainunue nyingine Jumatatu asubuhi. Bosi hajampigia tena. Boksi lile, kwa anavyosikia, bado linakodishwa, na hajui kama waya wake wa eathi umebaki au umekatwa tena.

Kinachomsumbua si hela. Ni ile skrubu aliyoiacha saa 9 alasiri kwa sababu mzee kasema limepimwa. Kama asingepita chumba cha makeup saa 12:20, angekaa kando ya boksi akijua 230 ni 230 na kila kitu ni safi. Siku hizi hawashi boksi ambalo hajalifungua mwenyewe, hata aliyelileta awe nani. Kazi nyingine ameshazikosa kwa hilo.

Na kwa wewe unayeandaa shoo, iwe ya kanisani, ya chuo au ya kitaa, anachosema ni hiki: muulize fundi wako eathi iko wapi, akuonyeshe kwa kidole. Abonyeze kile kitufe cha T mbele yako. Apime umeme taa zote zikiwa zimewaka, si zikiwa zimezimwa. Na msanii akisema kitu kinamtekenya, hiyo si stori ya kuchekea.

Wiki moja baada ya shoo, staa alimtumia meseji usiku: "Fundi, ile ngazi ingeniua kweli?"

Aliandika akafuta, akaandika akafuta. Mwisho akatuma: "Sijui dada. Sikutaka tujaribu."

Staa akajibu kwa emoji ya mikono iliyoshikana. Kesho yake mchana akatuma meseji nyingine: ana igizo jipya mwezi ujao, anataka namba ya M-Pesa atume advansi, na boksi atakodi yeye mwenyewe, Fundi achague.

Haya wadau. Kwenye shoo uliyochelewa kuanziwa, ulimtukana nani? Na ungekuwa wewe, kodi imebaki siku nne, bosi anasema washa, ungewasha? Dondosha maoni hapo chini.